Mishale Miwili

Kwanza niseme ukweli, mimi si fundi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018, Tanga mjini, nikapata alama ambazo hazikunipeleka mbele wala hazikunirudisha nyuma, na tangu siku hiyo kazi yangu kubwa imekuwa ni kuandika riwaya ambayo haijaisha. Nyinyi wenzangu mnaosoma kurasa hizi mnaijua kazi hiyo. Mnalijua kaunta buku la kwaya mbili lililofunikwa kwa gazeti, mnajua usiku wa manane sentensi inapogoma katikati kama punda, na mnalijua lile swali la ndugu: "Sasa hivyo unavyoandika, vitakulisha lini?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka Lukozi.

Lukozi iko juu kwenye milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Ni mahali pa kabichi, viazi, karoti na ukungu. Mjomba wangu ana stoo ya mboga huko, na ana Land Rover. Si hizi za siku hizi zenye viyoyozi. Ni Series III ya mwaka 1976, pikapu, ile inayoitwa 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 109. Rangi yake ilikuwa kijani, nadhani. Bodi yake ni ya aluminiamu, na mjomba hupenda kuipiga kofi na kusema gari hili halijui kutu. Maneno hayo nayo yalikuja kuonekana kwamba yana mapungufu.

Mwezi Machi mwaka 2022 mjomba alimpigia mama simu. Alitaka kijana wa kuwa utingo wake, wa kupakia, kushusha, kulala stoo na kulinda gari. "Lakini awe mwaminifu," alisema. Mama akanitazama, akasema yupo. Mimi nikafungasha nguo mbili tatu na kaunta buku langu, nikapanda basi.

Neno "mwaminifu" nilikuja kulielewa usiku wa kwanza, wakati wa chakula. Kumbe kabla yangu alikuwepo kijana mmoja kutoka Soni. Naye alilala stoo kama nilivyopangiwa mimi. Jioni mjomba akiegesha gari, mshale wa petroli ulikuwa unasoma robo tatu ya tangi. Asubuhi akifungua swichi, unasoma nusu. Ikatokea mara ya kwanza, akanyamaza. Ikatokea mara ya pili, akauliza. Ya tatu ilikuwa siku ya soko. Mjomba alimtoa yule kijana nje mbele ya watu, akamwita mwizi wa mafuta kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye magunia ya viazi, akamfukuza, na mshahara wake wa mwezi, sh. 80,000, akauzuia ili kufidia petroli.

Mjomba ni msimuliaji mzuri, pengine mimi nimerithi kwake. Alipofika kwenye utetezi wa yule kijana alisimama kabisa, akaacha ugali. "Eti, mzee, mishale inapanda yote miwili! Wa mafuta na wa joto! Eti inapanda pamoja!" Hapo akainua vidole viwili, akavichezesha huku akitikisa mabega, kama watu wawili wako ngomani. Watoto wake wakaanguka chini kwa kicheko. Mkewe akajifuta machozi kwa kanga. Nami nikacheka, tena sana.

Na usiku ule ule, chini ya kibatari cha stoo, nikaiandika. Ikawa sura ya tatu ya riwaya yangu. Yule kijana sikuwahi kumwona, kwa hiyo nikampa macho madogo yanayokwepa, nikampa dumu la lita 5 alilolificha chini ya kitanda, na nikampa ule utetezi wake wa mishale kama ulivyo, maana ulikuwa unachekesha. Baada ya siku chache niliwasomea familia baada ya kula. Mjomba alisema, "We mjomba unajua kumchora mtu!" Niliwasomea na washikaji wa Tanga kwa simu, wakasema ni bomba. Ilikuwa sura pekee niliyowahi kuandika ambayo kila aliyeisikia aliipenda.

Mwezi Mei, masika yakiwa yamekolea, tuliegesha gari jioni moja mshale ukisoma robo tatu.

Asubuhi mjomba akaja na koti lake, akaubamiza mlango (mlango wa Land Rover haufungi mpaka uubamize), akafungua swichi, akangoja. Mishale ya gari hizi haina haraka, inapanda polepole kama mtu anayeamka. Wa petroli ukapanda, ukasimama kwenye nusu. Mjomba akautazama mshale. Kisha akanitazama mimi.

"Mjomba, usiku ulisikia mbwa?"

"Hapana, mjomba."

"Mimi nilisikia."

Hakusema zaidi. Akawasha gari tukaondoka. Ndugu msomaji, nimewahi kutukanwa, nimewahi kufukuzwa darasani kwa ajili ya ada, lakini sijawahi kuona safari ndefu kama ile ya kutoka Lukozi hadi Lushoto asubuhi ile. Mimi asingeniita mwizi sokoni, ni mtoto wa dada yake. Angempigia mama simu kwa sauti ya upole. Mimi ningependa soko mara mia.

Ndiyo maana nikaanza kuandika. Safari hii si riwaya. Nililigeuza kaunta buku kichwa chini, nikaanza kwa nyuma, nikapiga mistari: siku, saa, mahali, mshale. Nia yangu haikuwa kuchunguza ugonjwa wa gari, nisijisifu bure. Nilitaka kuwa na ushahidi kwamba jioni mshale ulikuwa wapi na asubuhi ulikuwa wapi, ili siku mjomba atakaponiuliza nisibaki kuapa tu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba si kila mahali pa kusomea panafaa. Tangi la Land Rover hii liko chini ya kiti cha dereva, linachukua lita 45, na ndani yake kuna boya, mafundi wanaliita floti, linaloelea juu ya petroli na kupanda au kushuka nayo. Ukiwa mlimani petroli inakimbilia upande mmoja wa tangi, boya nalo linaifuata. Kwa hiyo kati ya Magamba na Lushoto unaweza kupoteza na kupata petroli mara kumi bila mwizi yeyote. Nikajiwekea sheria ya kusoma tu gari likiwa limesimama mahali tambarare, hasa pale mbele ya stoo.

Safu ya pili, ile ya joto, niliiongeza kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Gari lilikuwa na sifa ya kuchemka. Tukiwa tunapanda kutoka Mombo kuja Soni, kona baada ya kona na mzigo wa watu na chumvi na sabuni nyuma, mara mshale wa joto unakwenda kwenye nyekundu. Mjomba anasimamisha, anafungua boneti, tunangoja, tunamwaga maji. Fundi mmoja alikuwa ameosha rejeta. Mwingine alitoa themostati na kuitupa kabisa, kama wanavyopenda kufanya. Pampu ya maji ilibadilishwa. Mshale ukaendelea na tabia yake. Mjomba akaniambia, "Wewe unayependa kuandika andika, basi andika na huo wa joto." Nikaandika.

Na kwa upande wa petroli floti mpya ilikwishaletwa kutoka Dar es Salaam na kufungwa, kabla sijafika. Haikusaidia. Ukiangalia sasa unaona kwamba kila fundi alikuja kutibu mshale wake. Wa mafuta alitazama tangi, wa joto alitazama rejeta. Hakuna aliyeulizwa habari ya mishale miwili. Na mjomba petroli kwake haikuwa ugonjwa hata kidogo, ilikuwa kesi.

Wiki mbili za kwanza daftari langu halikusema kitu. Hilo nalo ni la kujifunza kwa anayetafuta hitilafu ya kuja na kuondoka, maana siku nyingi gari ni zima, na siku hizo nazo lazima uziandike. Nilishawishika kuziruka. Sikuziruka kwa sababu niliogopa tu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi Juni, mvua ndogo inanyesha, hakuna kazi, nimelala juu ya magunia nasoma ile kurasa yangu ya nyuma. Nanukuu kama ilivyo: Jumatatu jioni, stoo, mafuta robo tatu, joto karibu na nyekundu. Jumanne asubuhi, stoo, mafuta nusu, joto chini, injini haijawashwa. Jumatano jioni, stoo, mafuta chini ya nusu, joto katikati. Alhamisi jioni, Mombo stendi, mafuta imejaa, joto nyekundu, hatujaweka petroli tangu jana. Ijumaa asubuhi, stoo, injini baridi, mafuta juu ya nusu, joto limenyanyuka kidogo. Mjomba kabamiza mlango mara ya pili, vyote vimeshuka.

Nikaisoma Alhamisi mara mbili. Tangi limejaa bila kujazwa. Hakuna mwizi duniani anayekuja usiku kukuongezea petroli. Kumbe jambo halikuwa kwamba asubuhi mafuta yamepungua. Jambo lilikuwa kwamba jioni mshale ulikuwa umesema uongo, na asubuhi ndiyo ulikuwa unasema kweli. Na kila ulipodanganya huu, ule wa joto nao ulidanganya. Ilipanda pamoja, ikashuka pamoja.

Nikaviona vile vidole viwili vya mjomba, na mabega yake yakitikisika.

Nitasema mambo kama yalivyokwenda, ingawa hayanipendezi. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa furaha. Nimepona! Nilitaka kukimbia mvuani mpaka nyumbani kwa mjomba na kaunta buku mkononi. Nililifunga, likafunguka upande wa pili, upande wa riwaya, kwenye ile sura ya tatu iliyochakaa kwa kusomwa. Macho madogo. Dumu chini ya kitanda. Utetezi wa kuchekesha. Yule kijana alikuwa ameuona ugonjwa wenyewe bila daftari wala kalamu, akautamka kwa ufasaha mbele ya watu, na mimi niliyejiita mwandishi nikauandika neno kwa neno bila kuusikia.

Sikwenda kwa mjomba siku ile. Nilikwenda kesho yake, nikamwonyesha safu zile mbili tu, nikasema gari lina tatizo la umeme. Kijana wa Soni sikumtaja.

Lushoto, si mbali na stendi, kuna mzee mmoja fundi umeme wa magari. Ni mzee wa mikono mikubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimpa shikamoo na daftari. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kusoma maandishi yangu.

"Hivi vitu viwili," akaniuliza, "vinakula sahani moja wapi?"

Sikujua.

"Tangini? Hapana, huko yupo mmoja tu. Kwenye injini? Yupo yule mwingine. Vinakutana hapa." Akagonga dashibodi. "Na kama vingekuwa vinaanguka vyote, ningesema fyuzi, au waya unaoleta umeme umelegea. Lakini wewe umeandika vinapanda. Basi hakikosekani umeme. Umezidi."

Nyuma ya paneli ya geji kuna kiboksi cha bati, kidogo, kinakaa kiganjani kama kiberiti. Kinaitwa stabilaiza. Kazi yake ni hii. Umeme wa gari hautulii. Injini ikiwa imezimwa betri inatoa volti 12 na kitu, injini ikinguruma oltaneta inaupandisha mpaka 14. Geji zikipewa umeme huo mbichi, petroli itaonekana kuongezeka kila ukiwasha gari. Kwa hiyo kiboksi kinaushusha na kuzipa geji wastani wa volti 10, usiku na mchana. Ndani yake kuna kibati cha metali mbili zilizobanwa pamoja, kimezungushiwa kawaya kembamba. Umeme ukipita, kawaya kanapata moto, kibati kinajipinda na kuachana na mguso wake, umeme unakatika. Kikipoa kinarudi, umeme unapita tena. Kuachana na kugusana, siku nzima. Mishale yenyewe ni mizito, haioni kukatika huko, inaona wastani tu. Mtu aliyebuni jambo hili nampa heshima yangu yote.

Lakini ili kale kawaya kapate moto ni lazima umeme uwe na njia ya kurudi kwenye betri, yaani ethi. Na ethi ya kiboksi ni lile bati lake lenyewe, pale linapobanwa kwa skrubu. Skrubu ikilegea, au ukungu wa miaka 40 na zaidi ukaweka kutu hapo katikati, kawaya hakapati moto, kibati kinabaki kimegusa tu, na geji zote mbili zinamiminiwa umeme wote. Nusu tangi inasoma robo tatu. Injini iliyotulia inasoma nyekundu.

Hayo ni maelezo. Kuyathibitisha ni kazi nyingine, kwa sababu mnajua tabia ya gari: likifika gereji linapona, kama mtoto akiona sindano. Fundi alifungua swichi, mishale ikasoma vizuri. Akazima, akafungua, vizuri. Mjomba akaanza kutazama saa. Hapo mzee akachukua bisibisi, akaigeuza, akawa anagonga paneli kwa mpini wake, polepole, huku ameinamisha kichwa kama anasikiliza mlango. Kwenye pigo la saba au la nane mishale ikaanza kunyanyuka. Yote miwili.

"Asiguse mtu," akasema. "Mlango usifungwe."

Akalaza kichwa chini ya dashibodi na tasta yake, ile ya balbu na waya wenye koleo. Kiboksi kina alama mbili, B ni umeme unapoingia, I ni unapotoka kwenda kwenye geji. Akagusa I. Balbu ikawaka, ikabaki inawaka. "Hii," akasema, "ilitakiwa ikonyeze." Kisha akachukua kipande cha waya, upande mmoja akaugusisha kwenye bati la kiboksi, upande wa pili kwenye bodi ya gari mahali palipo safi. Tukangoja kidogo. Balbu ikazimika. Ikawaka. Ikazimika. Na kule juu, bila haraka, mishale ikaanza kuteremka.

Nimesoma vitabu vingi kwa umri wangu, lakini sikumbuki ukurasa ulionikamata pumzi kama balbu ile.

Mzee akautoa ule waya, akagonga tena, mishale ikapanda hadi robo tatu. "Sasa tupime," akasema, maana alimwona mjomba bado ana uso wa kusitasita. Tukazima swichi, tukasogeza watu wenye sigara, tukafungua nati ya chini ya tangi na kukinga kwa madumu. Likajaa dumu la lita 20. La pili likapata lita moja na nusu hivi, kisha matone. Robo tatu ya 45 ni karibu 34, nyinyi mliofaulu hesabu mnajua.

Mjomba alilitazama lile dumu la pili kwa muda.

Mzee, ambaye hakujua lolote, alikuwa ameshafungua kiboksi na anasugua kutu kwa msasa huku anapiga soga. "Hiki kidude," akasema, "kimewafukuzisha kazi matingo wengi sana. Toka enzi tuko kwenye magari ya serikali. Jioni yapo, asubuhi hayapo! Watu wamelaaniana." Akacheka peke yake. Akasugua mpaka bati likang'aa, akarudisha skrubu na washa mpya yenye meno, kisha, asiiamini skrubu peke yake, akaongeza waya mmoja mweusi kutoka kwenye kiboksi mpaka kwenye bolti ya bodi chini ya dashibodi. Malipo yake yalikuwa madogo kuliko bei ya themostati.

Kurudi Lukozi mjomba aliendesha kimya mpaka tulipopita Magamba. Ndipo akasema, kana kwamba mimi nimemuuliza: "Lakini na yeye alikuwa na namna fulani. Hata yale macho yake madogo, hayakuwa ya mtu wa kutulia."

Nikageukia dirishani. Macho madogo nilimpa mimi.

Nilitaka kulisema hilo, na nikashindwa. Wiki nzima nikashindwa. Niliichukua sura ya tatu nikajaribu kuiandika upya, mara ya kwanza kijana akiwa hana hatia, mara ya pili akiwa hana hatia na anasema vizuri zaidi, mara ya tatu akiwa shujaa kabisa. Zote zilikuwa mbaya. Usiku wa mara ya nne nikamwendea mjomba akiwa peke yake anahesabu magunia, nikamwambia nilichopaswa kumwambia tangu mwanzo: kwamba yule kijana alikwishaeleza ugonjwa wa gari kabla ya mimi, kabla ya fundi, siku ile ile ya soko. Na kwamba macho niliyabuni.

Alinijibu, "Wewe ni mtoto," akaendelea kuhesabu. Nilidhani imeishia hapo.

Mwezi Agosti tulikuwa tunateremka na kabichi kwenda Mombo. Tulipofika Soni mjomba akapunguza mwendo bila kuniambia, akaegesha karibu na mahali bodaboda wanapongojea abiria. Akateremka, akanong'ona na mmoja wao. Huyo akapiga mluzi. Akaja kijana mrefu, ana kofia ya sufi, anasukuma pikipiki yake taratibu. Alipomwona mjomba alisimama. Macho yake yalikuwa macho tu, ya kawaida, kama yangu na yako.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Baada ya hapo mjomba, msimuliaji yule, hakuwa na neno. Alifungua mlango wa Land Rover, akamwashiria kijana asogee. Akafungua swichi. Mishale ikapanda, wa petroli ukasimama juu ya robo, wa joto ukakaa mahali pake. Kisha akaingiza mkono chini ya dashibodi na bisibisi, akaufungua ule waya mweusi, halafu akailegeza na skrubu yenyewe, anahema kwa sababu tumbo linamzuia. Akatoka, akasimama kando. Lori lilikuwa linapiga honi nyuma yetu, hakuna aliyegeuka. Mishale ikaanza kunyanyuka, na polepole kiasi kwamba nilitamani kuisukuma.

Mjomba akainua vidole viwili. Nadhani hakujua kwamba ameviinua. Safari hii havikucheza.

"Nilikwambia," kijana akasema.

Mjomba akatia mkono ndani ya koti, akatoa noti zilizofungwa kwa mpira. Kijana akazihesabu pale pale, si haraka si polepole, zilikuwa sh. 80,000 kamili, akazitia mfukoni.

"Na siku ya soko?" akauliza.

Mjomba akatazama barabara. Kijana alingoja, nadhani alingoja kwa haki kabisa, kwa muda wa kutosha. Kisha mama mmoja mwenye kapu akamwita, akampandisha, akapiga kiki. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kaunta buku langu liko kitini, na sikumwambia hata jina langu.

"Rudisha huo waya," mjomba akasema.

Nikaingia chini ya dashibodi. Nikakaza skrubu, nikafunga waya mweusi kwenye bolti yake, nikavuta kuona kama umeshika. Nilipotoka mishale ilikuwa inashuka. Wa petroli ulisimama juu kidogo ya robo, ikabidi tujaze Mombo.